Fomu ya daktari si ya kupigwa muhuri tu

Barua za kuwaita vijana katika vyuo vikuu zinapotoka, nyumba nyingi hujaa vifijo na nderemo. Baba huanza kupiga hesabu ya karo, mama hutafuta sanduku na blanketi, nao majirani humiminika kutoa pongezi. Hata hivyo, miongoni mwa karatasi zinazoandamana na barua hiyo mna moja ambayo wengi huiweka kando hadi siku ya mwisho. Ni fomu ya uchunguzi wa afya, ambayo sharti ijazwe na kutiwa sahihi na daktari.

Fomu hizi hutofautiana baina ya chuo kimoja na kingine, lakini nyingi huuliza mambo yale yale: magonjwa aliyowahi kuugua kijana, chanjo alizopata, uwezo wa macho na masikio, shinikizo la damu, mkojo na hali ya kifua. Zipo zinazodai picha ya eksirei. Kwa kijana wa miaka 18 au 19 ambaye hajawahi kulazwa hospitalini, haya yote huonekana kama usumbufu na njia nyingine ya kummalizia mzazi pesa.

Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyofikiri. Alikuwa amemaliza shule ya upili kule mashambani, na badala ya kukaa bure akisubiri kwenda chuoni, alikuja Nairobi kufanya kazi ya mjengo. Usiku alilala na wenzake watano katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, ambalo halikufunguliwa kamwe kwa kuhofia wezi. Alipokuja kwangu kunionyesha fomu yake, nilimsikia akikohoa.

"Ni vumbi la simiti tu, mjomba," akaniambia. "Na usijisumbue kuhusu fomu hii. Kuna mtu mtaani anayeipiga muhuri kwa Sh500. Hakuna kupimwa, hakuna foleni."

Nilimuuliza kikohozi hicho kilianza lini. Akahesabu kwa vidole. Mwezi mmoja ulikuwa umepita. Nikamwambia kwamba muhuri wa Sh500 hauna masikio ya kusikiliza kifua cha mtu, na kwamba kesho yake tungeamkia hospitali ya umma.

Alinifuata shingo upande. Daktari alimuuliza kama alikuwa akitokwa na jasho usiku, na kama uzani wake ulikuwa umepungua. Kijana akajibu ndiyo kwa sauti ya chini. Nilipoutazama mshipi wake, nikaona umetobolewa matundu mawili mapya. Alipigwa picha ya kifua, akatoa makohozi yakapimwe. Majibu yaliporudi, ilikuwa ni kifua kikuu.

"Basi chuo kimenipita," akasema, akainamisha kichwa.

Jioni hiyo nilimpigia simu dada yangu, mama yake. Alilia, kisha akanena neno ambalo naamini wazazi wengi wangelinena. Kijijini kwao, mtu akitajwa kuwa ana TB, watu huanza kunong'ona kwamba ana Ukimwi. "Kaka," akanisihi, "si fomu ijazwe tu kuwa yuko sawa? Dawa atazimeza akiwa huko huko chuoni, na hakuna atakayejua."

Nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye. Viini vya kifua kikuu husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, na hupenda mahali penye watu wengi na hewa kidogo. Bweni la chuo ni mahali pa aina hiyo hiyo. Wale ambao mpwa wangu angelala nao chumba kimoja ni watoto wa watu, nao wana mama zao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila kwa ugonjwa huu anaweza kumuumbua hata jirani asiyeficha lolote.

Aliyetutuliza ni muuguzi mmoja wa kliniki ya TB. Alitueleza kwamba ugonjwa huu hupona, na kwamba dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: dawa za aina nne kwa miezi 2 ya kwanza, halafu mbili kwa miezi 4. Wagonjwa wengi ambao viini vyao husikia dawa huacha kuambukiza wengine muda si mrefu baada ya kuanza kuzimeza. Alimwonya kijana asishtuke akiona mkojo umegeuka rangi ya machungwa, kwani hiyo ni kazi ya dawa. Zaidi ya yote, alimkanya asiache dawa atakapojihisi nafuu, kwa maana viini visipomalizwa huweza kuwa sugu.

"Lakini mimi nilichanjwa," mpwa wangu akateta, akionyesha kovu kwenye mkono wake wa kushoto. Muuguzi akatabasamu. Chanjo ya BCG, ambayo ilianza kutumiwa mwaka wa 1921, huwakinga watoto wachanga dhidi ya aina kali za TB, kama ile inayoshambulia utando wa ubongo. Kinga yake kwa mapafu ya mtu mzima si ya kutegemewa. Kovu ni ushahidi wa sindano, si ngao ya maisha.

Kuhusu hofu ya dada yangu, ni vyema wazazi wajue kwamba mgonjwa wa TB hushauriwa apimwe virusi vya Ukimwi kwa manufaa yake mwenyewe, na majibu ni siri yake. Isitoshe, sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu Ukimwi hairuhusu taasisi ya elimu kumlazimisha mtu kupimwa virusi hivyo ndipo asajiliwe. Mwanafunzi anayeitishwa majibu ya kipimo hicho ana haki ya kukataa.

Wale vijana watano wa chumba kimoja nao waliitwa wakapimwa. Mmoja alipatikana na ugonjwa, akaanzishiwa dawa. Ni nani angemjua, kama fomu ingepitia kwa yule mwenye muhuri wa Sh500?

Chuo hakikumpita mpwa wangu. Alianza dawa wiki kadhaa kabla ya siku ya kuripoti, akabeba barua ya daktari, na kliniki ya chuo ikaendelea kumwangalia. Alimeza tembe ya mwisho akiwa katika muhula wa pili.

Sasa tugeukie upande wa chanjo, maana huko nako wazazi hupata taabu. Tafuteni ile kadi ya kliniki ya utotoni, hata kama panya wameitafuna pembeni. Tangu mwaka wa 2001, watoto wa Kenya wamekuwa wakipata chanjo ya homa ya ini aina ya B wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Kijana anayekwenda kusomea udaktari au uuguzi atahitaji kuthibitisha kinga hiyo, kwani atashughulika na damu ya wagonjwa. Bila kadi, huenda akalazimika kupimwa damu au kuchanjwa upya.

Wanaokwenda kusoma Marekani wanahitaji maandalizi ya mapema zaidi. Vyuo vingi huko hudai dozi mbili za chanjo ya ukambi, matubwitubwi na rubela, zilizopishana kwa siku 28 au zaidi. Ratiba yetu ya serikali ina ukambi na rubela, lakini matubwitubwi hayamo. Kijana anayengoja hadi wiki ya mwisho hawezi kuzipata zote mbili kwa wakati. Vivyo hivyo, akipimwa TB kwa sindano ya ngozi, mkono waweza kuvimba kwa sababu tu ya BCG aliyopata utotoni. Aombe kipimo cha damu, ambacho hakivurugwi na chanjo hiyo.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, barua ya mwanao ikija, msome fomu ya daktari siku hiyo hiyo. Mpeleke kijana apimwe kikweli, tena mapema, ili kukiwa na tatizo kuwe pia na muda wa kulitibu. Nawe mwanafunzi unayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, usingoje fomu wala barua. Nenda hospitali kesho asubuhi, na umweleze daktari ukweli.