Malame ya jipu kwenye barabara ya Kalemie

Kila tunapovuna, hapa Nyunzu tunarudi kwenye swali moja: mahindi, karanga na mawese yetu yatafika Kalemie namna gani? Reli tunayo, ilifika ziwani mwaka 1915 kutoka Kabalo, ikipita kwetu na Niemba. Lakini treni haiji kila siku, na mahindi mabichi ndani ya gunia hayangoji. Basi tunapanga jipu, na mara nyingi ni Land Cruiser ya zamani iliyokwisha kufanya kazi kwa watu wengine kabla ya kutufikia.

Barabara yetu munaijua. Udongo mwekundu, mifereji ya mvua katikati, madaraja ya miti ambapo abiria wote tunashuka na kupita kwa miguu, watoto mgongoni. Humo ndani ya mashimo ndimo gari linapopimwa. Ukitaka kujua kama limechoka, litazame kwa nyuma likiwa limepakiwa. Mgongo umelala, pua imeinuka, na usiku taa zinamulika matawi ya miti badala ya njia. Magurudumu ya mbele hayashiki chini vizuri, na shofere anazungusha usukani bila kupata jibu.

Kinachobeba mzigo ni malame, zile chuma pana zilizopangwa moja juu ya nyingine chini ya gari. Amortiseri hazibebi mzigo, kazi yake ni kutuliza gari lisiendelee kurukaruka baada ya shimo. Tunalisema kwa sababu wengi wamenunua amortiseri mpya na mgongo wa gari ukabaki umelala vilevile.

Fundi akiona mgongo umelala, jibu lake ni kuongeza lame. Hilo ni sawa, lakini lame gani? Mengine yanatolewa kwenye lori na kukatwa. Gari linasimama wima kama askari, wenye magunia wanafurahi. Ila jipu hilohilo, kesho yake saa nane za usiku, ndilo linaloitwa kumpeleka mama mwenye uchungu hospitalini. Bila mzigo, chuma kile hakipindi hata kidogo. Kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka kwenye mgongo wa mgonjwa. Mama aliyelala nyuma ya gari la namna hiyo anafika amevunjika mwili kabla ya kuzaa.

Kuna njia nyingine. Lame fupi na nene linawekwa chini kabisa ya mengine, na gari likiwa tupu halifanyi kazi. Mzigo ukikandamiza malame ya juu, ndipo yanaligusa nalo linasaidia. Kwa gari linalobeba magunia na wagonjwa, sisi tunaona hili ndilo la kuomba, hata kama fundi atanung'unika kwamba linachukua muda kulipata.

Na lame lililovunjika lisichomelewe. Moto wa kuchomelea unaondoa ule ugumu wa chuma cha lame, na litavunjika tena kando ya mshono, pengine juu ya daraja. Zile chuma zilizopindwa kama herufi U, zinazofunga malame kwenye ekseli, ziwe mpya. Zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu zikipata mzigo zinalegea.

Sasa hesabu, kama darasani. Bidoni la lita 20 la mawese lina karibu kilo 18. Mabidoni 20 ni kilo 360. Ongeza magunia 6 ya mahindi ya kilo 100, tumefika 960. Weka shofere, fundi wake na mama wanne wanaokaa juu ya magunia, na tumepita tani moja na robo. Kiwanda kimeandika uzito unaoruhusiwa kwenye kibati kilichopigiliwa kwenye gari. Kuongeza malame hakubadilishi namba hiyo. Freni ni zilezile, ekseli ni ileile, mapine ni yaleyale. Gari lililoinuliwa mgongo linaonekana lina nguvu, na hapo ndipo shofere anapokubali gunia moja zaidi, halafu moja tena, mpaka mteremko unamwuliza freni ziko wapi.

Remoki nayo ina hesabu yake. Sehemu ya uzito wake, karibu moja ya kumi, inakaa juu ya ndoano ya gari: remoki ya kilo 1,000 inakandamiza nyuma ya jipu kwa kilo 100 hivi, nazo zihesabiwe kama mzigo wa jipu. Vitu vizito vipangwe mbele kidogo ya ekseli ya remoki. Mukivirundika nyuma, remoki inaanza kucheza mkia, nao unavuta jipu lote.

Kikundi kinapopanga gari, mama wawili waende kulitazama siku moja mbele, likiwa tupu. Wapige magoti, wahesabu malame kushoto na kulia, yalingane. Waulize freni zilitazamwa lini. Halafu wakae nyuma, pale atakapolala mgonjwa, na shofere awazungushe hadi stesheni na kurudi. Bei tutazungumza baada ya hapo.