Mikono Yetu Darasani

Mwaka 1985 ulipoanza, wazazi wa mtaa wetu wa Manyatta, Kisumu, walikuwa wanajenga darasa ambalo hawakuwa wameliomba. Serikali ya Moi, ikifuata mapendekezo ya tume ya Colin Mackay ya mwaka 1981, ilikuwa imeleta mfumo wa 8-4-4. Wanafunzi waliomaliza darasa la saba wakaambiwa wabaki mwaka mmoja zaidi katika shule ya msingi, na chumba cha kuwaweka hakikuwepo. Ikaitishwa harambee. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na bado nawaona baba zetu wakishuka kutoka Kondele na mabati begani, na mama zetu, wengi wao wachuuzi wa omena, wakipitia shuleni na karai za mchanga kabla ya kwenda sokoni. Hakuna aliyelipwa. Jioni mwalimu mkuu alisimama mbele yao na kuwashukuru kwa Dholuo, lugha ambayo sisi tulikatazwa kuitumia uwanjani humo humo.

Pamoja na darasa la nane yalikuja masomo ya mikono: ufundi, sayansi kimu, kilimo, muziki, yote yakaingia hadi kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Walimu wetu walikuwa wamefunzwa hesabu na Kiingereza. Kusokota kamba hawakujua. Basi wakafanya jambo la busara ambalo mpaka leo nalistahi: walimwendea bibi mmoja aliyekaa nyuma ya shule, ambaye sote tulimwita Dani, wakamwomba aje Ijumaa alasiri.

Dani alitufundisha mkonge. Ulikatwa kwenye nyua za vijijini, kwa kuwa Manyatta kwenyewe nyumba zilikuwa zimeshaanza kusongamana. Jani lilipondwa juu ya jiwe, likaparwa kwa kipande cha bati mpaka nyama ya kijani ikatoka na nyuzi nyeupe zikabaki. Utomvu wake huwasha vibaya. Waliovaa kaptura ndio walioumia zaidi, maana kamba husokotwa juu ya paja. Nyuzi zilianikwa kwenye ua, na Ijumaa iliyofuata tukasokota. Dani hakusema mengi. Aliivuta kamba yako kwa nguvu, ikikatika anakurudishia, isipokatika anaishika ya jirani yako. Sijapata kuona usahihishaji wa haki kuliko huo, wala mtoto aliyelia kwa ajili yake. Kamba nzuri zilipelekwa Kibuye zikauzwa, na pesa zikanunua chaki.

Wasichana walisuka vikapu vya mafunjo yaliyotoka upande wa Dunga. Wavulana walitumwa kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye kutazama jinsi bati linavyokunjwa kuwa sanduku au taa ya koroboi. Mtaa mzima ulikuwa na kitu cha kutufundisha, na ulijua hivyo. Baba asiyejua kusoma aliweza kuulizwa swali na mtoto wake akalijibu. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa na thamani kuu katika miaka hiyo, kuliko vikapu vyenyewe.

Haikudumu. Mtihani ulianza kuyameza masomo hayo kidogo kidogo. Badala ya kusokota kamba tukaulizwa kwenye karatasi ni mmea upi hutoa nyuzi za kutengenezea kamba, uchague A, B, C au D. Nilipokuwa nakaribia kumaliza darasa la nane, Ijumaa alasiri ilikuwa imegeuka kipindi cha marudio ya hesabu, na Dani alikuwa haitwi tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karatasi za KCPE zikapunguzwa zikabaki tano, ufundi na sayansi kimu vikaondolewa kabisa. Wazazi wengi walifurahi, na nawaelewa: gharama za vifaa zilikuwa zimewachosha.

Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu, tena katika mtaa huo huo. Januari 2003 serikali ya Kibaki ilipofuta karo za shule za msingi, wanafunzi nchi nzima walipanda kutoka wapatao milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Kwangu takwimu hiyo ilikuwa watoto waliokaa sakafuni mpaka mlangoni, baadhi yao vijana wa miaka kumi na minne walioanza darasa la kwanza bila aibu. Ilikuwa baraka, na sitakubali mtu aniambie vinginevyo. Lakini mwalimu mwenye watoto mia moja hawezi kugawa mkonge. Nilifundisha kwa ubao na sauti. Na jambo jingine likatukia ambalo halikuandikwa popote: kwa kuwa elimu ilikuwa ya bure, wazazi waliacha kuja. Harambee zilikoma, na pamoja nazo ile jioni ya kukaa pamoja uwanjani, mzazi na mwalimu, wakitazama ukuta walioujenga.

Mtaala mpya wa umilisi, CBC, ulipoanzishwa kote nchini mwaka 2019, kuanzia madarasa ya chini, walimu vijana waliulalamikia kuwa mzigo mpya. Mimi nilipofungua mwongozo nikakuta ususi, ufinyanzi na bustani, nilitaka kupiga vigelegele. Mikono ilikuwa inarudi. Mwaka 2023 KCPE ya mwisho ikafanywa, na mtihani uliotunyang'anya Ijumaa zetu ukaisha.

Ila haikurudi kama ilivyoondoka. Sasa kazi inapelekwa nyumbani, na nyumbani ni chumba kimoja cha mabati ambacho mama amekiacha alfajiri kwenda kutafuta riziki. Mtoto anaambiwa alete picha za wanyama zilizochapishwa, na mama anatumia kwenye saiba ya Kondele pesa ambazo zingekuwa unga wa siku hiyo. Wengine wananunua kikapu kilichokwisha kusukwa, mtoto anakiwasilisha, na mimi natakiwa kumpa alama. Tumeurudisha ufundi tukamsahau Dani. Mzazi aliyekuwa mwalimu wa ufundi wake amefanywa mnunuzi wa vifaa.

Nililisema hili kwenye mkutano wa wazazi. Mama mmoja muuza samaki akainuka akasema, "Mwalimu, mimi kusuka gugumaji najua, lakini hakuna aliyeniuliza." Gugumaji! Mmea ulioziba ziwa letu tangu miaka ya 1990, ukafunga mashua za wavuvi, siku hizi Kisumu unakaushwa na kusukwa vikapu na viti. Kumbe fundi alikuwa miongoni mwetu, na mtoto wake yuko gredi ya tano.

Tumeanza naye. Anakuja mara moja kwa wiki, saa nane mchana, baada ya soko la asubuhi. Kazi yote inafanyiwa darasani, hakuna kinachobebwa kwenda nyumbani. Ninachokidai sasa, na nimekipeleka mbele ya halmashauri ya shule, ni kwamba alipwe. Mama zetu wa 1985 walibeba mchanga bure. Huyu akikaa nasi mchana mmoja anakosa mauzo ya mchana huo, na anacholeta hakipatikani katika kitabu chochote kilicho kabatini mwetu. Mweka hazina amesema fungu la fedha la namna hiyo halipo. Nimemwomba anionyeshe mahali linapotakiwa kuandikwa, niliandike mwenyewe.