Kuchagua Msumeno wa Mnyororo

Shamba nililorithi kwa marehemu baba limesongwa na mikaratusi, nami nalikwenda mjini kutafuta msumeno wa mnyororo. Muuzaji alisifu mno ule mrefu kupita yote. Niliuinua, mikono ikachoka kabla haujawashwa. Nikachagua wenye bapa la inchi 16. Watosha miti yenye unene wa paja. Lakini kwanza nilitazama breki ya mnyororo, kile kikingio kilicho mbele ya mkono wa kushoto. Maana ncha ya bapa ikigusa gogo kwa upande wa juu, msumeno huruka kumwelekea mkataji usoni kufumba na kufumbua, na breki ndiyo iusimamishayo mnyororo. Nina wana wawili watakaoushika baada yangu. Palikuwa na mwingine mkuukuu, usio na breki, kwa nusu ya bei, niliuacha palepale.