Mke mwenzangu ana kompresa

Jamani, mwenzenu nimewahi kuonea wivu kitu chepesi kuliko simu yangu ya mkononi.

Tulihamia Mtwara kwa ajili ya kazi ya mume wangu kwenye mambo ya gesi, mimi nikawa nahariri nyumbani Shangani, kazi zinakwenda Dar kwa intaneti. Mkataba wake ukaisha, haukuongezwa. Miezi ikapita. Siku moja narudi kutoka sokoni nakuta sebuleni kompresa ndogo, mpira mrefu, na kidude kinachong'aa kinachoitwa brashi ya hewa. Ni mdogo wake ule mtambo wa kupulizia rangi magari, ila sindano yake ni nyembamba kiasi kwamba mkono ukitulia inachora mstari kama wa kalamu. Hela kaitoa kwenye akiba yetu. Kwa ajili gani? Kupaka rangi mashua za kuchezea!

"Si za kuchezea," alinirekebisha. Alikuwa akichonga mfano wa mashua kama zile unazoziona ukivuka kwenda Msangamkuu, bodi la mti wa mwembe, tanga la amerikani. Nikamwambia, "Wenzako wanazunguka na bahasha za CV, wewe unachezea vimashua." Hakujibu. Akageuka, akawasha kompresa.

Kasheshe lilianza kidude kilipogoma. Ilikuwa wakati wa kaskazi, joto na unyevu vile unavyovijua pwani, nguo haikauki hata ukiianika siku nzima. Mara kinatema matone kama mtu mwenye mafua, mara hakitoi kitu. Nikamwona anakaa nacho hadi usiku wa manane, hata chakula hagusi. Nami, eti kumsaidia, siku alipotoka nikakifungua chote nikakiloweka kwenye thina mpaka asubuhi. Nitakuwa mkweli: haukuwa msaada mtupu. Harufu ya ile rangi ilikuwa imenichosha, na nilitaka ajue kwamba na mimi naweza kukigusa.

Thina ilisafisha chuma vizuri tu. Lakini vipete vya mpira vilivyomo ndani vilivimba, vikawa havikai mahali pake. Tena wakati wa kuitoa sindano iliniponyoka, ikaangukia ncha sakafuni. Aliporudi akaunganisha, akatia rangi, akabonyeza. Kikombe kikatoa mapovu kama chungu cha uji, na rangi ikatokea upande. Akaniangalia tu. "Mama, ungeniambia umechoka," akasema. Basi. Ningependa angefoka.

Usiku ule sikulala. Kesho yake nikaichukua ile sindano kwenye karatasi, nikaenda kwa fundi anayepulizia rangi magari. Akacheka kwanza, halafu akanionyesha: ivute ncha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba, ikikwaruza ujue imepinda. Tukailaza juu ya kioo kwenye msasa wa maji namba 2000, tukawa tunaivuta kurudi nyuma huku tukiizungusha. Usiisukume mbele, utaimaliza kabisa. Nikauliza na yale mapovu. Akasema hewa inarudi kwenye kikombe badala ya kutoka mbele: ama nozeli haijakazwa, ama kipete chake kimekufa, ama nozeli imeziba. Na ikiziba usichokoe kwa waya, tundu likitanuka hakuna dawa.

Vipete vipya tuliviagiza kwa pamoja, kwa hela yangu, bila maneno. Katika kuvisubiri ndipo tulipoanza kuongea. Akaniambia kwamba asubuhi zote zile alikuwa akitoka kutafuta kazi na kurudi na aibu, na kwamba mbele ya mashua angalau aliona kitu kinasonga mbele. Mimi nikamwambia kuhusu akiba, na jinsi ninavyoogopa kila mwisho wa mwezi. Tulikuwa hatujaambiana hayo kwa nusu mwaka.

Na yale matone ya mwanzo? Hayakuwa kosa la rangi wala la kidude. Kompresa inapoikandamiza hewa ya pwani, hewa inapata moto, ikipoa kwenye tangi na mpira unyevu wake unageuka maji. Sasa tumefunga kichujio cha maji karibu na brashi, na kila akimaliza kazi anafungua koki ya chini ya tangi. Upepo anauweka psi 20 hivi, rangi ya maji anaizimua iwe kama maziwa, na kwa kuwa joto linaikausha kwenye ncha, kila dakika chache anaifuta kwa pamba yenye maji. Jioni ni maji safi hadi yatoke meupe, sindano nje, ifutwe, irudishwe. Thina inagusa chuma tu, dirisha likiwa wazi na barakoa usoni.

Kazi aliipata baadaye, si ile aliyoitaka. Vipuri vya kidude bado vinatoka kwenye bajeti ya nyumba, nami bado nanung'unika. Juzi alikuwa anapuliza mstari mweupe ubavuni mwa mashua ya tatu, akasimama katikati, akaniletea sindano.

"Hebu ipime kwenye ukucha wako," akasema. "Wangu una rangi."

Ilikwaruza kidogo. Nikaenda kutafuta msasa.