Chai ya Shangazi, Tembe za Mama

Mamangu ni mwembamba. Kwa hivyo daktari alipomwambia kolestro yake iko juu, alicheka. Kwa akili yake, na ya ploti yetu nzima hapa Umoja, kolestro ni ya watu wanene. “Mimi hayo mafuta nimeyaficha wapi?”

Akapewa atorvastatin, tembe moja kila usiku. Kando ya tembe, kwenye kabati ya jikoni, kulikuwa na chai ya kukonda ambayo Shangazi alinunua kwa mwanamke wa chama. Ilisemekana inaondoa kitambi, kolestro, presha na uchovu. Kufikia Agosti Mama alikuwa ameacha tembe. Chai haina kemikali, alisema.

Nikaisoma pakiti. Kiungo cha kwanza ni senna, ile watu wa Pwani huita sanamaki, na kazi yake ni kuharisha. Ukiharisha siku tatu mizani itashuka, sawa, lakini kilichotoka ni maji. Mafuta yako palepale. Na kolestro nyingi hutengenezwa na ini lako mwenyewe, uwe mnene ama kama Mama. Statini huzuia kazi hiyo hapo kwa ini. Tena zilianzia kwa kuvu: Mjapani Akira Endo ndiye aliyegundua ya kwanza, miaka ya 1970.

“Kumbe nimekuwa nikila ukungu?” Mama akaniuliza. Hapo nikajua sayansi yangu haitanifikisha popote.

Nikamuuliza tu, tembe zilikuwa zinakufanya aje? Kimya. Kisha akasema miguu. Misuli ya mapaja ilikuwa inamuuma hadi akipanda ngazi anashika ukuta. Hakumwambia daktari kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na daktari hakuinua macho kutoka kwa karatasi. Yule mwanamke wa chama alimuuliza. Alikaa naye saa nzima, akamshika mkono, akamuuzia chai.

Mjomba wangu, kakake Mama, alianguka na stroke akiwa na miaka 52. Hatukulitaja jina lake jioni hiyo, lakini sote wawili tulikuwa tunamfikiria.

Tulirudi kliniki pamoja. Safari hii niliingia naye ndani, nikasema habari ya miguu kabla hajaanza kusema yuko salama. Alipimwa damu, dozi ikapunguzwa, na miguu sasa ina nafuu. Vipimo vingine ni Novemba.

Shangazi bado anakunywa chai yake. Matatu za kwenda mbali amezikataa.