Neno Poni na Jamaa Zake

Neno poni liliingia katika Kiswahili kwa mlango wa shida. Asili yake ni Kiingereza, na maana yake ni duka ambamo mtu huacha kitu chake cha thamani, akapewa fedha na hati, kisha akarudi siku iliyowekwa kulipa fedha hizo pamoja na riba na kuchukua kitu chake. Asiporudi, kitu huuzwa. Mikufu, bangili, baiskeli, cherehani, hata kanga ambazo hazijavaliwa bado, vyote vimepata kulala huko.

Lakini kabla ya poni tulikuwa na rehani. Neno hili tumelipata katika Kiarabu, na jambo lenyewe limetajwa katika Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 283, panapozungumzwa deni la safarini ambako hapana mwandishi. Rehani ni kitu kinachowekwa. Poni ni mahali kinapowekwa. Wala rehani si amana, maana mshika amana hamdai mwenye kitu, bali mshika rehani ni mdai. Wala si mauzo. Cherehani iliyo poni ingali mali ya mwenyewe, ijapokuwa hawezi kuishonea hata kifungo. (Siku hizi vijana husema wameweka simu bondi, shida ni ile ile.)

Tusidhani kwamba rehani ni ya vyombo tu. Katika njaa ya miaka ya 1884 na 1885 wako Wamijikenda waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wa mwambao ili wapate nafaka, na baadhi ya watoto hao wakaishia utumwani. Huko Zanzibar mashamba mengi ya mikarafuu yaliwekwa rehani kwa wakopeshaji, hata mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga amri ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiwatoke. Mwenye shamba aliendelea kuitwa tajiri, na huku mavuno yake yamekwisha liwa na deni.

Kwa hiyo twapenda walimu walikazie neno komboa. Atoaye kitu chake poni hasemwi amekinunua, amekikomboa. Ilipoundwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1963, ikakaa Dar es Salaam mpaka 1994, ni kitenzi hicho hicho kilichotumika. Wako watakaopinga mfano huu, kwa kuwa Waafrika hawakukopa kitu kwa watawala wao. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, neno lilishika jambo moja ambalo mkoloni hakulikubali: kwamba nchi, wakati wote ilipokuwa mikononi mwake, ilikuwa na wenyewe. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 na Zimbabwe mwaka 1980, hakuna Mswahili aliyesema nchi hizo zimenunuliwa.