Andika Kwetu

Washairi husifu mbalamwezi. Nadhani hawakukulia mwaloni. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani: wavuvi huwasha taa, zamani karabai, siku hizi za sola, dagaa wakaufuata mwanga hadi wavuni. Mwezi ukipevuka, ziwa zima linang'aa na taa haina kazi. Mitumbwi hupandishwa nchi kavu, wavuvi wakashona nyavu na kucheza karata, na kwa siku kadhaa pesa hukatika kuanzia Igombe na Kayenze hadi Ukerewe. Shule haina habari na mwezi. Daftari likiisha, limeisha.

Mama yangu alikuwa akianika dagaa, akilipwa kwa ndoo. Jirani yetu vilevile, na mwanawe ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Wingu likitokea upande wa ziwani, hatukuulizana hawa ni wa nani. Mmoja alishika ufagio, mwingine ndoo, tukaanza na walio karibu na maji, maana dagaa wakinyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku, na bei yake ni aibu tupu.

Siku za mbalamwezi shida ilihamia dukani. Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, alikuwa na daftari la madeni, na kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Wa jirani ulipojaa, nilitumwa: "Mama kasema andika kwetu." Kilo mbili za unga zikaenda kwao. Mwezi mwingine ikawa zamu yao kusema hivyo hivyo. Nilikuwa mdogo, ila nilielewa kwamba mama, asiye na kiwanja wala akiba, ana jina linalokubalika dukani. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha uaminifu. Niliubeba tu, ndani ya mfuko wa rambo.

Sitaki kuupamba umaskini. Familia zile zile zilizobebana dukani ziliweza kukwambia, "Leo usiende shule, tuna mzigo wa kuanika." Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, lakini sare, viatu na tumbo havikufutwa. Wapo wavulana walioacha darasa wakavute kokoro, wakilipwa samaki wachache. Operesheni za serikali za 2018 zilipochoma nyavu haramu kama kokoro, mwenye wavu alipoteza mtaji. Mvutaji alipoteza mlo wa jioni, na habari yake haikuandikwa popote.

Kisha kuna yale mahubiri ya kila mahafali: epukeni makundi mabaya. Nimeyasikia mpaka nayajua kwa moyo. Sikatai kwamba kundi linaweza kumpoteza mtu. Lakini kijana wa Mabatini, Mwanza, anayelala geto kwa mwenzake, akila ugali wa mwenzake, unamwambia aliache kundi aende wapi? Wasukuma wa zamani hawakuwatawanya vijana. Waliwaacha wawe kundi, wakawa na kiongozi wao, nsumba ntale, na wakalima mashamba pamoja. Ubaya mwingi wa makundi ya leo, kwa maoni yangu, ni kukosa shamba.

Palipo na kazi, mambo hubadilika. Rafiki yangu yule, mtoto wa jirani, alianza bodaboda kwa deiwaka: mwenye pikipiki hakumjua, ila alimjua kijana wa kijiweni aliyemdhamini. Kijiwe kina mwenyekiti na michango, na anayeanguka barabarani huchangiwa matibabu kabla ndugu hawajafika. Leo rafiki yangu ana pikipiki yake, naye anadhamini wengine. Anachagua sana, wakati mwingine kupita kiasi, kwa sababu hesabu ya jioni isipofika, aibu ni yake.

Hata serikali hukopesha kwa mtindo huo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo ya vijana hupewa vikundi. Ni busara, na mdogo wangu amenufaika nayo. Ila huwa namfikiria yule aliyevuka peke yake kutoka kisiwani, anayebeba mizigo mwaloni Kirumba, ambaye mama yake hajulikani kwa Mangi yeyote wa mjini. Kwenye fomu ya kikundi, ataandikwa pamoja na nani?